Ahmedabad kwa saa chache: uende wapi, uache wapi

Wengi wanaofika Ahmedabad kutoka Afrika Mashariki hawakuja kutalii. Wamemsindikiza mgonjwa, wamefuata vitambaa na mashine, au wamempeleka kijana chuoni. Katikati ya shughuli hizo hupatikana asubuhi moja isiyo na kazi, au jioni mbili, na hapo ndipo swali linapozuka: muda huu mfupi uende nao wapi? Orodha za vivutio hutaja majina ishirini na kuyapa yote uzito mmoja. Ushauri wetu ni kuchagua kwa saa. Karibu kila mahali hapa pana saa yake, na ukifika saa isiyo yake utakuta mlango umefungwa, sakafu inayochoma nyayo, au soko ambalo bado limelala.

Kwa kuwa ni mambo ya saa, tuelewane kwanza. Saa zote zilizotajwa hapa ni za Kiswahili. Mhindi akisema "eight" asubuhi, ni saa mbili yetu. Ukipatana na dereva, andika tarakimu kwenye simu, 7:30 AM kwa mfano, umwoneshe. Ni jambo dogo lakini limewakosesha watu wengi matembezi.

Mji wa kale: na kikundi au peke yako?

Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati. Mwaka 2017 sehemu yake ya kale iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ukawa mji wa kwanza wa India kupewa heshima hiyo. Roho ya mji huo ni pol: kijimtaa cha nyumba za mbao zilizobanana, chenye lango lake, hekalu lake dogo, na chabutro, yaani mnara mfupi wa kuwekea ndege nafaka. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar atajisikia yuko nyumbani. Ile milango ya Zanzibar iitwayo ya Kigujarati, yenye vipande vidogo vya mraba vinavyokunjika, asili yake ni pande hizi.

Manispaa ya mji imekuwa ikiendesha matembezi ya kuongozwa tangu Novemba 1997. Huanzia Hekalu la Swaminarayan, Kalupur, karibu saa mbili kasorobo asubuhi, huishia Msikiti wa Ijumaa, na huchukua kama saa mbili na nusu. Njia ni fupi, lakini inapinda mno. Mnapita uwanja mdogo wenye sanamu ya mshairi Dalpatram aliyeketi mbele ya ilipokuwa nyumba yake, mnapenya pol iitwayo "Haja Patel ni Pol" hadi hekalu la Kala Ramji, mnaiona haveli, yaani jumba la kitajiri, ya Harkunvar Shethani yenye uso mzima wa mbao za kuchongwa, kisha mnatokea Manek Chowk.

Ukienda peke yako unaokoa ada, ambayo si kubwa, na unatembea kwa mwendo wako. Unachokosa ni vichochoro vya siri. Baadhi ya pol zinaunganishwa na njia inayopita chini ya nyumba ya mtu au kwenye mlango unaoonekana kabisa kuwa wa kaya. Mgeni hawezi kujua kwamba anaruhusiwa kupita, na ramani ya simu haizioneshi; inakuzungusha barabara kuu yenye pikipiki na honi, na ndani ya nusu saa umechoka kabla hujaona kitu. Kuna na tanka, tangi la maji ya mvua lililochimbwa chini ya ua wa nyumba. Utaona kifuniko tu sakafuni, na bila mtu wa kukueleza utakikanyaga ukapita.

Kwa hiyo mara ya kwanza nenda na kikundi, bila kusita. Peke yako ni kwa asubuhi ya pili, ukishajua lango lipi hufunguka wapi. Hali pekee inayopindua ushauri huu ni kuwa na mzee au mtu anayetoka matibabuni. Kikundi hakisubiri, njia ina vizingiti na mawe yasiyo sawa, na pa kukaa ni pachache. Mtu huyo mpeleke kwa bajaji hadi Msikiti wa Ijumaa asubuhi, akae kivulini, inatosha.

Mambo matatu huwaharibia watu asubuhi hiyo. La kwanza ni kuchelewa: kikundi kikishaingia kwenye pol, huwezi kukitafuta. Fika robo saa kabla. La pili ni njaa. Pale Kalupur kunywa chai na ule fafda na jalebi. Fafda ni vipande virefu, vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Huja na pilipili mbichi ya kukaanga na kachumbari ya papai bichi, halafu jalebi tamu ya moto pembeni. La tatu ni viatu. Utavivua mara nne au tano, kwa hiyo vaa vya kuchomoa tu, uweke na soksi kwenye mkoba.

Hizo soksi zina kazi. Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika mwaka 1424, una ua mpana wa mawe usio na kivuli. Saa tatu asubuhi jiwe lina ubaridi mtamu. Kuanzia saa tano, Aprili hadi Juni hasa, linachoma kweli, na wageni huonekana wakiruka kwa vidole kuelekea kwenye ukumbi. Ndani mna nguzo 260, na kadiri unavyosogea mwanga unazidi kupungua hadi macho yatulie. Minara mikubwa ya mbele haipo tena. Tetemeko la ardhi la mwaka 1819 liliivunja, na vishina vyake vilivyochongwa bado vimesimama pande mbili za lango la kati. Wanawake hufika uani, wabebe mtandio. Ijumaa mchana ni wakati wa sala, si wa kutazama majengo.

Misikiti miwili ya Masidi

Hapa msomaji wa pwani ana sababu yake mwenyewe ya kusimama. Sidi ni jina walilopewa Gujarat watu wenye asili ya Afrika. Wengine walikuja kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia, na baadhi yao wakapanda hadi kuwa majemadari na watu wenye mali. Vizazi vyao wapo hadi leo katika jimbo hili, na ngoma yao wanaiita goma. Misikiti miwili ya Ahmedabad ina majina yao, na kama muda wako unatosha mmoja tu, uchaguzi si mgumu.

Msikiti wa Sidi Saiyyed, karibu na Lal Darwaza, ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573 na Sidi Saiyyed, Mhabeshi, wakati usultani wa Gujarat unaelekea kuangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa Wamughali. Ni mdogo. Kilichoupa sifa ni madirisha yake ya jiwe lililotobolewa, hasa yale mawili ya ukuta wa nyuma. Ukilitazama moja kwa karibu unaona shina la mti likipanda kutoka chini, likigawanyika matawi membamba yanayojipinda na kupishana hadi ukingo wa tao, na kati ya kila tawi na tawi jiwe limeondolewa kabisa. Mwanga unapita penye hewa, mti unabaki. Ni vipande kadhaa vya mchanga-mawe vilivyounganishwa, lakini utatafuta kiungo na usikipate upesi. Chuo cha biashara cha IIM Ahmedabad kilichukua dirisha hilo kuwa nembo yake.

Saa ya kwenda ni alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja na nusu. Sababu ni rahisi: India kibla iko magharibi, kwa hiyo ukuta wa madirisha hayo unatazama jua la kushuka. Ukiwa ndani, mti unakuwa mweusi juu ya anga linalowaka. Ukizunguka nyuma nje, jiwe lile lile lina rangi ya asali. Asubuhi utaona dirisha la kijivu na kujiuliza sifa zote hizi zilitoka wapi. Wanawake kwa kawaida huangalia wakiwa nje, na kwa dirisha hili nje hakupunguzi kitu. Barabara ya mbele ni mzunguko wa magari usio na huruma, vuka na wenyeji.

Sidi Bashir, karibu na stesheni ya treni ya Kalupur, ni habari ya minara miwili inayotikisika: ukiutikisa mmoja, wa pili nao hutetemeka baada ya muda mfupi, ilhali njia inayoiunganisha imetulia. Msikiti wenyewe uliharibiwa vitani mwaka 1753, ikabaki minara na tao. Kupanda hakuruhusiwi sasa, kwa hiyo hutautikisa mnara wala kuona mwingine akiutikisa. Kama treni yako inaondoka Kalupur na una dakika ishirini, pita uutazame. Safari ya makusudi kutoka upande wa pili wa mji haifai. Twende Sidi Saiyyed.

Kisima cha ngazi: Adalaj au Dada Harir?

Vav ni kisima ambacho hushuki kwa kamba bali kwa miguu, ghorofa baada ya ghorofa chini ya ardhi, kati ya nguzo zilizochongwa. Kuja Gujarat na kuondoka bila kuona hata kimoja ni hasara kubwa.

Adalaj iko kilomita 18 hivi kaskazini. Ilikamilika mwaka 1499, ina ghorofa tano, na jina la Malkia Rudabai limefungamana nayo. Ngazi zake huingia kutoka pande tatu na kukutana kwenye jukwaa chini ya ardhi, jambo ambalo hulioni kwa urahisi penginepo. Nakshi ni nyingi na ziko katika hali nzuri: tembo, maua, hata mwanamke anayesukasuka mtindi, vyote vikichanganywa na mapambo ya Kiislamu. Saa yake ni mchana, kati ya saa tano na saa saba, jua linapokuwa juu na miale kufika sakafu za chini. Na ndiyo saa ambayo joto limekukimbiza kila mahali pengine, ilhali kule chini kuna ubaridi. Gharama yake ni muda: kwenda, kuangalia na kurudi hula saa tatu. Patana na dereva bei ya kwenda na kurudi pamoja na kusubiri, kabla hujapanda, kwa sababu bajaji ya kurudia mjini si rahisi kuipata pale. Jumamosi na Jumapili hujaa wapiga picha hadi ngazi hazipitiki vizuri.

Dada Harir iko Asarwa, nje kidogo ya mji wa kale, mtaa ule ule wenye hospitali kubwa ya serikali. Ni ya miaka ile ile, nayo ina ghorofa tano. Aliyeijenga ni Bai Harir, mwanamke wa nyumba ya kifalme ya Sultani Mahmud Begada, na ndani kuna maandishi ya Kisanskriti na ya Kiarabu. Nyuma yake kuna msikiti na kaburi lake. Mlango unatazama mashariki, kwa hiyo nenda kati ya saa nne na saa sita. Wageni ni wachache, mara nyingi utakuwa peke yako na njiwa. Hao njiwa ndio tatizo, kwani kinyesi chao hufanya ngazi ziteleze, na chini mara nyingi ni pakavu na pana takataka.

Kwa uzuri wa nakshi, Adalaj inashinda waziwazi. Lakini mwenye mgonjwa wodini asiende kilomita 18 na moyo ukabaki hospitali. Dada Harir anaimaliza ndani ya saa moja na nusu, na umbo la kisima atalielewa kikamilifu. Aliye na siku nzima na gari aende Adalaj, na asihangaike na zote mbili.

Ashram, Sarkhej na vitambaa

Ashram ya Sabarmati, makazi ya Gandhi na wafuasi wake, haihitaji maneno mengi. Gandhi, aliyerudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1915, aliishi hapo tangu 1917, na tarehe 12 Machi 1930 aliondoka na wenzake 78 kwa miguu kwenda Dandi kupinga kodi ya chumvi. Kuingia ni bure, kuna miti, kuna mahali pa kukaa, na kelele za mji zinabaki nje. Kwa mtu aliyechoka au anayepata nafuu ndipo pa kwanza kupendekezwa. Asubuhi au jioni, zote sawa.

Sarkhej Roza, upande wa kusini-magharibi, ni kaburi la Sheikh Ahmed Khattu, msikiti na makaburi ya kifalme, vyote vikizunguka bwawa kubwa lenye ngazi. Ukilinganisha na Msikiti wa Ijumaa, hapa ni kimya zaidi, na watu huja kukaa, si kupita. Chumba cha kaburi kwa kawaida huingia wanaume. Bwawa hujaa baada ya masika ya kule, yaani kuanzia Julai au Agosti. Mei linaweza kuwa kavu kabisa, na mandhari hupungua nusu. Nenda saa kumi jioni.

Makumbusho ya vitambaa ya Calico ni ya aina nyingine kabisa. Mkusanyiko wake ni wa kiwango cha dunia, na kwa mfanyabiashara wa vitenge, khanga au hariri ni darasa ambalo hulipati dukani. Lakini watu huingia kwa kikundi kidogo cha kuongozwa, kwa kujiandikisha mapema sana, Jumatano hufungwa, na kamera hairuhusiwi. Ukifika mlangoni bila jina kwenye orodha utarudishwa. Kama hukuandika kabla ya kusafiri, lifute katika mipango usipoteze asubuhi.

Jioni: Manek Chowk au Bhatiyar Gali?

Manek Chowk ni uwanja mmoja wenye maisha matatu. Asubuhi ni mboga na majani ya kulishia ng'ombe, mchana ni soko la dhahabu na fedha, na maduka ya sonara yakifunga, kama saa mbili usiku, hutandazwa meza na viti vya plastiki, likawa soko la chakula hadi baada ya saa sita. Ukifika saa kumi na mbili jioni ukitafuta chakula, utaona sonara tu, bado wako kazini.

Chakula chote ni cha mboga. Pav bhaji ni rojo la viazi na mboga lililopondwa juu ya bamba la chuma na siagi isiyo na mpaka, unachovya mkate laini. Dosa, chapati nyembamba ya mchele na dengu, huja na jibini. Na kuna sandwichi ya nanasi, jibini na chokoleti, ambayo wenyeji wanaipenda kwa dhati. Agizeni moja, mgawane watu watatu. Siagi ndiyo inayowalaza watu siku ya pili, zaidi ya pilipili. Mwambie mpishi apunguze kabla hajaanza kumimina, na malizia na kulfi, aiskrimu nzito ya maziwa.

Bhatiyar Gali, kichochoro karibu na lango la kale la Teen Darwaza, ndicho jibu kwa aliyekaa wiki nzima bila nyama. Ni mtaa wa Waislamu, wenye kebabu, sambusa za kima na vyungu vilivyochemka tangu mchana. Ng'ombe hachinjwi Gujarat, ni kosa zito la jinai, kwa hiyo nyama ni ya nyati, mbuzi au kuku. Pamebanana, moshi ni mwingi, viti havitoshi. Mwezi wa Ramadhani hapana mfano.

Familia yenye watoto iende Manek Chowk, kwani pana nafasi na kuna kitu cha kila mtu. Wawili watatu wenye hamu ya nyama waende Bhatiyar Gali mapema, saa moja hadi saa mbili, vyungu vikiwa bado vimejaa. Kote kuwili pombe isitafutwe, jimbo limeipiga marufuku.

Kuna na njia ya tatu, ya kukaa chini ya feni: thali. Sinia huja na bakuli ndogo ndogo za dengu, mchuzi wa mtindi uitwao kadhi, mboga, chapati nyembamba zilizopakwa samli na mtindi mwepesi wa kunywa, na wahudumu hawaachi kuongeza. Dengu ya Kigujarati ina utamu wa sukari guru, usidhani imekosewa. Ukishiba, funika sinia kwa kiganja na useme "bas". Ni neno lile lile letu la basi, na wanalielewa mara moja.

Nguo, noti na msimu

Kwa nguo, Dhalgarwad karibu na Teen Darwaza ni ya kitambaa cha mita, mchana, na bei zake hazipandi sana kwa mgeni. Law Garden ni ya jioni: chaniya choli (sketi pana na blauzi fupi), mapambo ya vioo, mashuka ya kutariziwa. Pale bei ya kwanza ni mwanzo wa mazungumzo, anzia nusu. Anayenunua zawadi tano aende Law Garden. Anayenunua mita hamsini aende Dhalgarwad, lakini si Jumapili, maduka mengi ya mji wa kale hufungwa. Wauzaji waite "bhai" kwa mwanamume na "ben" kwa mwanamke, kama kaka na dada, na sauti hubadilika papo hapo.

Wenyeji hulipa kwa simu kila mahali, hata kwa muuza chai, lakini mfumo huo kwa sehemu kubwa umefungamana na benki za India, na mgeni aliyezoea M-Pesa hujikuta hana cha kulipia bajaji. Beba noti za rupia 10, 20, 50 na 100. Noti ya 500 asubuhi haina chenji. Treni ya metro ina stesheni za Kalupur na Gheekanta zinazokushusha jirani na mji wa kale, na ni bora kuliko bajaji saa za msongamano.

Novemba hadi Februari ndio msimu. Ukiangukia tarehe 14 Januari, sikukuu ya tiara ya Uttarayan, acha kila kilichotajwa hapo juu, utafute paa la nyumba kwenye pol. Wenye nyumba hukodisha nafasi. Siku hiyo usipande pikipiki wala bajaji ukichomoza kichwa nje. Nyuzi za tiara hupakwa unga wa kioo ili zikate nyuzi za wengine, zikianguka hukatiza barabarani kwa urefu wa shingo, na wapo wanaopoteza maisha kwa uzi huo.